Cenchrus: Nyasi za Nchi Kavu na Suala la Kuzipa Majina

Neno nyasi ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayodhaniwa kuwa mepesi mpaka pale yanapotakiwa kufanya kazi nzito. Katika umoja husemwa unyasi, yaani ujiti mmoja. Katika wingi husemwa nyasi. Na Mkenya anapotaka kuonyesha wingi uliokithiri, au urefu na ukavu unaofaa kuezekea nyumba, husikika akisema manyasi. Kando yake lipo neno jani, ambalo halitofautishi kilichoota juu ya mti na kilichoota ardhini, wala kilichokaushwa kikatiwa maji ya moto kikawa chai. Mtu akisema kwamba ng'ombe wamekosa majani, hapana anayedhani kwamba wamekosa majani ya mwembe.

Hali hii haikuwasumbua wasemaji wa asili wa lugha hii, ambao riziki yao ilitoka zaidi baharini, katika biashara na katika minazi kuliko katika malisho. Tunda la mnazi peke yake lina jina kwa kila hatua ya umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Samaki nao wana majina chungu nzima. Nyasi zilizopata majina yake zenyewe ni chache, kama vile ukoka unaotambaa uani. Na hata ndago, ambayo wengi huihesabu kuwa nyasi, wataalamu wa mimea huiweka katika ukoo mwingine kabisa. Zilizosalia zimeachiwa neno moja.

Lakini Kiswahili cha leo si lugha ya mwambao peke yake. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na katika sehemu hizo bwana mifugo, mtangazaji wa redio na mwuza mbegu hulazimika mara nyingi kutumia Kiswahili wanapozungumza na watu wa makabila mbalimbali kuhusu jambo ambalo uhai wa mifugo hutegemea: ni nyasi zipi. Hapo ndipo neno nyasi linapoelemewa na mzigo. Makala haya yanachukua jenasi moja tu, ile iitwayo Cenchrus, ili kuonyesha jinsi uhaba huu wa majina unavyoleta hasara, na ni njia zipi zilizo wazi kwa mtunga istilahi na mtunga kamusi.

Cenchrus ni jenasi ya nyasi za nchi zenye joto, na spishi zake nyingi hupendelea mahali pakavu: Afrika, Arabuni, Bara Hindi, Australia, na sehemu za Amerika zenye mchanga. Kitambulisho chake kimo katika suke. Punje za nyasi hizi hazikai wazi mmoja mmoja. Kila kikundi kidogo cha punje kimezungukwa na nywele ngumu, na nywele hizo zimeungana chini zikafanya kama kikombe. Katika baadhi ya spishi nywele ni laini, na suke zima huonekana kama mkia wa mnyama mdogo. Katika spishi nyingine nywele zimekuwa miiba, na kikombe kimekuwa kifundo kinachodunga nguo, sufi ya kondoo na nyayo za watu, kikasafiri nao mpaka mahali pengine pa kuota.

Mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, ndiye aliyeipa jenasi hii jina mwaka 1753. Alilichukua kutoka Kigiriki, ambamo neno kenchros lilikuwa na maana ya nafaka ndogo yenye punje za mviringo. Kwa hiyo Linnaeus alilitwaa jina la chakula akalibandika juu ya miiba. Jenasi jirani iitwayo Pennisetum ilipata jina lake mwaka 1805, kutokana na maneno mawili ya Kilatini, la unyoya na la nywele ngumu. Ndani ya Pennisetum ziliwekwa nyasi ambazo Waafrika ya Mashariki wanazijua vizuri: mabingobingo, ambayo mfugaji wa Kenya huyaita nepia, zile nyasi za nyanda za juu zinazotambaa na kufumana kama mkeka, ambazo duniani kote huitwa kikuyu, na zaidi ya zote, uwele, ambao ni chakula cha watu.

Mpaka baina ya jenasi hizi mbili ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Ilisemwa kwamba nywele zikiungana chini ni Cenchrus, zikiwa mbalimbali ni Pennisetum. Lakini zipo nyasi ambazo nywele zake zimeungana kidogo tu, na wataalamu walizivuta huku na huku. Spishi moja aliyoiita Linnaeus Cenchrus ciliaris mwaka 1771, yaani Cenchrus yenye kope, ilihamishiwa Pennisetum mwaka 1827, kisha wengine wakairudisha. Clayton na Renvoize, katika sehemu ya nyasi ya kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki iliyotoka mwaka 1982, walizitenga bado jenasi hizo mbili. Hatimaye uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2010 ulipendekeza kwamba ukuta huo uvunjwe, na Pennisetum yote imezwe na Cenchrus kwa kuwa jina hilo ndilo lililotangulia. Wataalamu wengi wamekubali, ingawa vitabu vya kilimo vingali vikitumia jina la zamani. Jenasi iliyopatikana ina spishi zaidi ya mia moja.

Matokeo yake kwa mwanaisimu ni ya kufurahisha. Uwele sasa ni Cenchrus, na jina la Kigiriki la nafaka limefika kwenye nafaka baada ya miaka zaidi ya mia mbili na hamsini. Lakini jina kamili la uwele katika mpango huu ni Cenchrus americanus, kwa sababu Linnaeus aliuhesabu kuwa mmea wa Amerika, ilhali uwele ulianza kulimwa katika Sahel, kusini mwa Sahara, maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajaiona Amerika. Kanuni za majina ya mimea haziruhusu jina kufutwa kwa sababu tu linasema uwongo. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba jina la Kilatini ni mwamba usiotikisika, na kwamba jina la kienyeji ni mchanga, wangefaa kuutazama mfano huu. Katika muda ambao wataalamu wameuhamisha mmea huu kutoka jenasi hadi jenasi, Mswahili hakuwa na haja ya kubadili hata herufi moja ya neno uwele.

Huko huko Sahel iko spishi nyingine inayoonyesha jinsi watu wanaoishi na nyasi wanavyozipa majina. Cenchrus biflorus huota kwenye mchanga kuanzia Senegali hadi Sudani, na vifundo vyake vya miiba havimwachi mpita njia. Wahausa huiita karangiya. Waarabu wa Sudani, haskanit. Na katika nchi zilizotawaliwa na Wafaransa jina lililoenea ni kram-kram. Mjerumani Heinrich Barth, aliyesafiri katika nchi hizo miaka ya 1850, aliihesabu miongoni mwa maudhi makubwa ya safari, akaeleza kwamba wenyeji hawatembei bila kikoleo kidogo cha kung'olea miiba yake. Hata hivyo punje zilizomo ndani ya vifundo hivyo ni chakula. Watuareg na majirani zao wamezikusanya tangu zamani, wakazitwanga kuondoa miiba na kuzipika uji, hasa katika miaka ya njaa. Nyasi moja, basi, ni adui wa mguu na rafiki wa tumbo, na kila lugha ya huko imeona kwamba yastahili jina lake pekee. Wala Kiswahili si kigeni kwa ufundi huo: kishona nguo, ule mmea unaojibandika kwenye pindo la vazi shambani, umepewa jina kwa kazi yake, na ni vigumu kufikiri jina lililo bora zaidi.

Spishi inayohusu Kenya kwa karibu zaidi ni ile yenye kope, Cenchrus ciliaris. Ni nyasi ya kudumu, huota kwa kichaka, na mizizi yake hushuka chini mita mbili au zaidi ikitafuta maji. Sehemu ya chini ya shina imevimba na huhifadhi akiba, hivyo mifugo ikila mpaka karibu na ardhi, au moto ukipita, mmea huchipua tena mvua ya kwanza inaponyesha. Huweza kuishi mahali ambapo mvua ya mwaka haizidi milimita 300 au 400. Tena mbegu zake nyingi hufanyika bila ua moja kurutubishwa na jingine, kwa hiyo mtoto huwa sawasawa na mama yake. Aliyepata aina nzuri anaweza kuipanda miaka mingi bila kuipoteza.

Sifa hizo ziliwavutia wageni. Mwaka 1937 mbegu zilitoka Dodoma, katika Tanganyika ya wakati ule, zikapelekwa Queensland, nchini Australia, na aina iliyopatikana ikaitwa Biloela kwa jina la mahali ilipofanyiwa majaribio. Huko Australia spishi hii ilikuwa imekwisha kutangulia katika miaka ya 1870, ikasemwa kwamba ilifika ndani ya matandiko ya ngamia. Katika miaka ya 1940 mbegu nyingine, asili yake Turkana, zilifika Texas, Marekani. Na mwaka 1949 zikaanza kutolewa kwa wafugaji chini ya namba T-4464. Zilistawi mno. Kutoka Texas zilivuka zikaenea kaskazini mwa Meksiko, ambako wafugaji walikata vichaka vya jangwa la Sonora ili wazipande.

Kilichofuata hakikutazamiwa. Katika jangwa la Sonora, ambalo Arizona ni sehemu yake, mimea huota mbalimbali, na baina ya mmea na mmea ni ardhi tupu. Kwa hiyo moto ukizuka hauna njia ya kupita. Nyasi kutoka Turkana ziliijaza nafasi hiyo. Zikikauka huwa kuni zilizotandazwa kutoka kichaka hadi kichaka, na moto unaopita humo huua madungusi kakati makubwa yaitwayo saguaro, ambayo huishi zaidi ya miaka mia na hayakuzoea kuungua, wakati nyasi zenyewe huchipua upya kana kwamba hazikuguswa. Mwaka 2005 serikali ya Arizona iliiweka spishi hii katika orodha ya magugu yenye madhara, na karibu na mji wa Tucson watu wa kujitolea hupanda milimani na sururu kuzing'oa. Nusu ya pili ya karne hiyo hiyo, katika nchi zilikotoka mbegu hizo, wataalamu na wafugaji walikuwa wakihangaika kuzirudisha kwenye ardhi iliyokwisha kuwa tupu.

Yafaa msomaji asimame kidogo juu ya neno gugu. Hili si jina la mmea, ni hukumu. Mkulima wa mahindi akiona uwele umejiotea katikati ya mistari yake, uwele huo ni gugu mpaka atakapobadili nia. Kiswahili kinaweza kusema ndago ni gugu, lakini hakiwezi kumwuliza mtu gugu ni mmea gani. Tofauti hii baina ya jina na hukumu hupotea upesi panapokosekana majina. Mtu anayesoma habari za Arizona katika Kiswahili, akaelezwa tu kwamba kuna nyasi kutoka Afrika zilizo hatari, hana njia ya kujua kwamba zinazosemwa ndizo alizohimizwa kuzipanda Makueni.

Na huko Makueni zinapandwa. Katika Ukambani, Kajiado na Baringo ardhi kubwa ilibaki wazi kwa sababu ya malisho kupita kiasi, ukataji wa miti na ukame wa mara kwa mara. Ardhi ikipigwa na jua na mvua hufanya gamba gumu juu, maji yakateremka badala ya kuzama, na mbegu chache zilizobaki zikachukuliwa nayo. Dawa iliyojaribiwa kwa miaka mingi, hasa katika kituo cha utafiti wa malisho kilichoko Kiboko, ni kulivunja gamba hilo, kuchimba vijifereji vya kuzuia maji kukingama na mteremko, kuotesha nyasi za wenyeji, na kuzungushia ua wa miiba mpaka zishike. Nyasi zinazotumiwa zaidi ni nne. Vitabu vya Kiingereza vinapozieleza huweka kando ya majina ya Kilatini majina ya Kikamba, na majina hayo ni ndata kivumbu kwa Cenchrus ciliaris, mbeetwa kwa Eragrostis superba, nguu kwa Enteropogon macrostachyus, na kilili kwa Chloris roxburghiana.

Nyasi hizi nne hazishughulikiwi kwa namna moja. Ndata kivumbu ina tabia zake. Mbegu yake ikivunwa leo ikapandwa kesho haioti, au huota kidogo sana. Yataka iwekwe mahali pakavu kwa miezi kadhaa kwanza. Tena mbegu hiyo haianguki kama punje ya mtama, kwani imebaki ndani ya nywele zake, ni nyepesi, hushikamana, na upepo huichukua. Ndiyo maana wapandaji huichanganya na mchanga au udongo mkavu kabla ya kuimwaga. Kuifukia chini sana ni kuiua. Maelezo yote haya ni mafupi na yanafahamika kwa mtu yeyote, mradi ajue yanahusu nyasi zipi. Yakitangazwa kwa Kiswahili kwamba mbegu za nyasi zihifadhiwe kwanza, au kwamba mbegu za nyasi zichanganywe na mchanga, msikilizaji atayatumia kwa mbegu yoyote aliyo nayo mkononi. Na yule aliyepanda mbegu mbichi za ndata kivumbu akaona shamba limebaki tupu ataamini kwamba aliuziwa mbegu mbovu. Amepoteza mbegu, amepoteza jasho, na zaidi ya hayo amepoteza msimu wa mvua, ambao katika nchi kame haununuliwi.

Zipo njia tatu za kuondoa upungufu huu. Ya kwanza ni kutafsiri jina la Kiingereza. Waingereza huiita nyasi hii mkia wa mbweha wa Afrika, na wengine hutumia neno la Makaburu lenye maana ya nyati. Jina la kwanza halifai, maana mkia wa mbweha katika Kiingereza ni jina la nyasi za jenasi nyingine kadhaa, na Mswahili atakuwa amerithi mkanganyiko usio wake. Tena wapo wanaoiita Chloris roxburghiana mkia wa farasi, na kwa mwendo huo malisho yote ya Kenya yatageuka mikia. Jina la pili halimwelezi mtu chochote.

Njia ya pili ni kulitohoa jina la Kilatini. Hili linafaa mahali pake, yaani katika maandishi ya sayansi, kama maneno jenasi na spishi yenyewe yalivyotoholewa na kukubaliwa. Lakini mtu aliyetunga istilahi ya Kiswahili juu ya neno Pennisetum, kwa kulitafsiri au kwa kulitohoa, angalijikuta mwaka 2010 na istilahi isiyokuwa na jenasi. Jina la kisayansi huonyesha udugu wa mimea jinsi unavyofahamika kwa wakati fulani, na ufahamu huo hubadilika. Mfugaji anahitaji jina linalosimama.

Iliyobaki ni njia ya tatu, nayo ni kukopa kutoka kwa majirani. Ni ajabu kwamba njia hii imetumiwa na Kiingereza upesi kuliko Kiswahili. Neno kikuyu leo ni neno la kawaida la bustani nchini Australia na Afrika Kusini, likiwa limetokana na jina la watu wa Kenya, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba kuna watu wanaoitwa hivyo. Nepia, kwa upande mwingine, ni jina la Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwahimiza wakuu wa kilimo wa Rhodesia wayajaribu mabingobingo kuwa malisho. Hivyo Mkenya anayo nyasi ya Afrika kwa jina la askari wa Uingereza, ijapokuwa Kiswahili cha Tanzania kina neno tayari. Ndata kivumbu haina kasoro hizo. Ni jina la lugha ya Kibantu, matamshi yake hayamsumbui Mswahili, limo katika vitabu vya utafiti, na latumiwa na watu wanaoijua nyasi yenyewe kwa macho na kwa mikono. Kimaasai, Kiturkana, Kisamburu na Kisomali navyo vinayo hazina ya aina hiyo, na huenda kwa nyasi nyingine majina yao yakafaa zaidi.

Kazi hii haianzi patupu. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Amani, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937 na kuipanua mwaka 1940. Padre Sacleux, ambaye alikuwa mkusanya mimea sawa na alivyokuwa mkusanya maneno, alitia majina ya Kilatini katika kamusi yake kubwa iliyoanza kutoka mwaka 1939. Bogdan alizichunguza nyasi za Kenya kwa miaka mingi akiwa Kitale. Kamusi za baadaye, zikifuata desturi ya kamusi za kawaida, ziliyaacha majina ya Kilatini, na mahali pake zikaandika maneno matatu yanayomchosha kila anayetafuta: aina ya nyasi. Fasili kama hiyo ni mlango uliochorwa ukutani. Afadhali kidahizo kiseme: nyasi ya kudumu ya nchi kavu, suke lake lina nywele laini kama mkia, ni malisho ya ng'ombe na mbuzi, mbegu hukaa miezi kadhaa kabla ya kuota, kisha lifuate jina la Kilatini, la sasa na la zamani, na lugha ambayo neno lilitoka.

Ingesalia sarufi. Jina hili lina maneno mawili, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuvutwa na la pili akasema kivumbu hiki. Lakini katika majina ya namna hii Kiswahili hufuata neno la kwanza, kama inavyosemwa kishona nguo kimeota na si zimeota. Ndata kivumbu basi yaingia katika ngeli ya I-ZI bila shida: ndata kivumbu imechipua, ndata kivumbu zimechipua, sawa na nyasi zimechipua. Nguu yaonekana kuwa na tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa Kiswahili tayari kina neno nguu lenye maana ya kilele cha mlima. Hata hivyo paa wa porini hajapata kuchanganywa na paa la nyumba, wala kaa wa pwani na kaa la moto; na mwenye kununua kilo moja ya nguu sokoni Kibwezi hatapimiwa mlima.